Neema za Mwaka na Milango Zilimopitia

Mfunguo Nne umeandama, na kwa kuandama kwake mwaka wa 1446 umekwisha na 1447 umeingia. Watu wetu wengi hawaushughulikii mwaka huu wa kwetu ila kwa kutaka kujua lini ni Ramadhani na lini ni Maulidi. Lakini walimu wangu walinizoeza, tangu nikiwa mtoto, kuwa katika siku za mwanzo wa Muharram mtu huketi akajihesabu, kama mwenye duka ahesabuvyo bidhaa zake, akatazama kilichoingia na kilichotoka. Mwaka huu nimeketi nikajihesabu, na hesabu yangu, Alhamdulillahi, imetoka ya furaha. Nimeona basi niwaandikie ndugu wasomaji, khasa vijana, yale niliyoyakuta ndani ya hesabu hiyo. Kwani kila neema niliyoishika nikaigeuza upande wa pili, niliona imepitia mlango ambao si mimi niliyeufungua.

Mimi ni mwalimu wa chuo katika mtaa wa Shela, Malindi. Elimu yangu ya skuli ilikomea darasa la saba. Iliyobaki ni ile ya ubao na wino, na vitabu vidogo vya fiq-hi nilivyosoma mbele ya masheikh wa mji. Rangi yangu ni nyeupe kwa kadiri ya watu wa pwani, pua yangu imesimama, na mwishoni mwa jina langu pana kabila la Hadhramaut. Mambo matatu haya nimezaliwa nayo. Sikuyasomea, sikuyanunua, wala hakuna aliyeniuliza kama nayataka.

Lakini tazameni yanavyonitumikia. Niingiapo msikiti wa mashambani ambako hawanijui, watu husogea ili nipite safu ya kwanza. Pakiwa na hitima naambiwa mimi nifunge dua, na pengine nyuma yangu yuko mtu aliyesoma mara tatu kuliko nilivyosoma mimi, ila ni mweusi, na kanzu yake imefuliwa hata ikachujuka, basi hakuna amwambiaye neno. Mara kadha nimemshika mkono mtu wa namna hiyo nikamtaka tubadilishane mahali. Yeye huona haya, wenyeji hudhani namfanyia unyenyekevu mimi, wakazidi kunipenda, na mkutano wote hungoja mpaka niketi pale pale waliponiweka. Hata kukataa kwangu huongezwa katika fungu langu.

Katika furaha zote za mwaka huu, iliyo kubwa ni mjukuu wangu. Alizaliwa Mfunguo Sita, katika siku za Maulidi, mtoto wa kiume wa binti yangu wa pili. Nilimwadhinia sikio la kulia na kumkimia la kushoto, nikatoka ukumbini kuwaachia nafasi wanawake. Sasa wasomaji wa pwani wanaijua ada ya akina mama zetu: mtoto mchanga hutazamwa ncha za masikio na kando ya kucha, kwani husemwa kuwa mtoto huzaliwa mweupe, na rangi yake ya kweli huanza kuonekana hapo. Ajuza mmoja katika jamaa zetu, Mwenyezi Mungu amzidishie umri, alilifunua sikio lile lile nililoliadhinia, akalitazama, akalifunika, akasema, "Haidhuru. Nywele ni za singa."

Neno hilo, "haidhuru", limekaa nami mwaka mzima. Husemwa kikombe kikivunjika. Husemwa mtu akipoteza shilingi ishirini njiani. Ajuza yule hakukusudia ubaya wowote. Alikuwa akimfariji binti yangu, na dakika ile ile alikuwa amekwisha mpakata mtoto na kumwimbia. Lakini mtoto hakuwa na siku moja duniani, na tayari palikuwa na kitu chake kilichohisabiwa kuwa kimevunjika.

Baba wa mtoto ni Mgiriama. Wazee wake ni mahaji, yaani babu yake ndiye aliyesilimu, na yeye alisoma chuoni kwangu tangu alifu mpaka akakhitimu, kisha akaendelea na skuli, na leo ni mwalimu wa skuli ya msingi, mwenye mshahara kila mwisho wa mwezi, jambo ambalo mkwewe hajapata kulionja. Alileta posa kwa njia yake, na wazee wake, na adabu yote. Binti yangu alikuwa radhi. Mimi nilikuwa radhi. Mama yake alikuwa radhi. Walakini nyumba zetu si za watu watatu. Shangazi zangu walikuja, wajomba walikuja, akapigiwa simu na ndugu aliyeko Jeddah ambaye hamjui binti yangu kwa sura; na maneno yote, yakikamuliwa, yalitoa tone moja tu: "Tutawaambia nini watu?"

Wengine, walio na elimu kidogo, walilivika swali hilo kilemba wakaliita kafaa. Ni kweli vitabu vya madhehebu yetu ya Imamu Shafi vimetaja kafaa, na vimeitaja nasaba ndani yake, silifichi hilo. Lakini vitabu hivyo hivyo vinasema kuwa kafaa ni haki ya mwanamke na walii wake, na wakiridhika ndoa husihi bila shaka. Na aliyetaka dalili iliyo juu ya vitabu, nilimsimulia habari ya Fatima binti Qays, Mkureshi, aliyeposwa na Muawiya na Abu Jahm, akaja kumtaka shauri Mtume (s.a.w.), naye akamwelekeza kwa Usama bin Zayd, mtoto wa mtu aliyekuwa mtumwa akaachwa huru. Bibi yule hakupendezwa mara ya kwanza. Kisha akaolewa naye, na yeye mwenyewe ndiye aliyesimulia baadaye kwamba Mwenyezi Mungu alitia kheri katika ndoa ile hata watu wakamwonea wivu. Tuliwaoza vijana wetu mwaka 1445. Baadhi ya jamaa hawakuja. Mmoja alikuja kwa kuchelewa, akala pilau, akaondoka kabla hajaketi na wazee wa upande wa pili; nami nashukuru hata kwa hilo, kwani mpishi alikuwa amepika nyingi.

Sasa nataka ndugu msomaji anifuate taratibu, kwani hapa ndipo palipo na jambo lenyewe.

Mama wa babu yangu hakuwa Mwarabu. Aliletwa pwani kutoka upande wa Nyasa akiwa msichana, katika zama ambazo mashamba ya Malindi, yaliyofufuliwa tangu miaka ya 1860, yalikuwa yakilimwa mtama na ufuta kwa mikono ya watumwa, na mavuno yakipakiwa majahazini kwenda Unguja na Arabuni. Jina lake la kwao halikuhifadhiwa. Alipewa jina la ua. Mzee wetu aliyetoka Hadhramaut alimfanya suria, naye akamzalia babu yangu. Na sheria ilivyo, mtoto wa suria aliyezaliwa na bwana wake ni muungwana, na nasaba yake ni ya baba. Basi babu yangu, ambaye nusu ya damu yake ilitoka Nyasa, alikuwa Mwarabu. Baba yangu alikuwa Mwarabu. Na mimi ni Mwarabu, na kwa ajili hiyo watu husogea msikitini.

Mjukuu wangu naye nusu ya damu yake imetoka kwangu. Lakini nasaba ni ya baba, basi yeye ni Mgiriama. Kanuni ni moja. Mwanamke wa Nyasa alizaa Mwarabu, na mwanamke wa Kiarabu amezaa Mgiriama, na wala hakuna aliyepima damu kwa kibaba. Sisemi kuwa kanuni ya nasaba ni mbaya. Ni hukumu ya dini yetu, na mtoto kuitwa kwa baba yake ni haki yake. Nasema kuwa yale yote ambayo watu wameyatundika juu ya jina langu, heshima na safu ya mbele na salamu za kwanza, hayamo katika hukumu hiyo. Yalitundikwa na watu. Nami nimekuwa nikitembea nayo zaidi ya miaka hamsini, na mtoto huyu nimpendaye kuliko macho yangu hatayapata hata moja.

Katika furaha nyingine za mwaka niitaje ya paa. Chuo changu kilikuwa kimeezekwa makuti, na kila masika tulikuwa tukihamisha watoto pembe hii na pembe hii kuyakimbia matone. Kabla ya Ramadhani alikuja mtu mwema kutoka Ghuba, anayetafuta mahali pa kuweka sadaka yake. Alikuwa ameulizia jina la kabila letu mjini, akaelekezwa kwangu. Alikunywa kahawa, akaniuliza babu zangu walitoka bonde gani la Hadhramaut, nikamtajia, akasema wake walitoka jirani. Hakuuliza nina wanafunzi wangapi. Hakumsikiliza hata mtoto mmoja akisoma. Baada ya wiki mbili yakaja mabati, mbao na misumari.

Mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kwangu, nje ya mji, liko chuo kingine. Mwalimu wake ni Mgiriama, kijana kwangu kwa miaka kumi, aliyekaa Lamu muda mrefu akisoma katika chuo cha Msikiti wa Riyadha. Tajwidi yake ni safi kuliko yangu, na katika mirathi mimi humpelekea maswali yanayonishinda. Watoto wake ni karibu mara mbili ya wangu. Paa lake ni makuti mpaka leo, na nusu yake imeliwa na mchwa. Nilimweleza mgeni wangu habari zake, nikamtaka twende pamoja tukamzuru. Alisema inshaallah, na mimi nadhani alisema kwa moyo safi. Lakini safari yake ilikuwa fupi, na "inshaallah" ya mtu mwenye haraka tunaijua sote.

Yalipobaki mabati, niliyapakia katika mkokoteni pamoja na misumari nikampelekea. Aliyapokea kwa shukrani. Kisha akaniambia, "Maalim, Mwenyezi Mungu akulipe. Lakini ungalinisaidia zaidi kama mtu yule angalikuja mwenyewe akaketi hapa, akasikia watoto wangu wakisoma." Nilirudi na mkokoteni mtupu nikilitafakari neno hilo njia nzima. Mabati yanaweza kupita mkononi mwangu yakamfikia. Kusikilizwa hakupakiwi mkokotenini.

Na kwa kuwa nimeitaja Lamu, naona ni haki kumtaja aliyeujenga Msikiti wa Riyadha, Habib Swaleh, yaani Sharif Swaleh bin Alawi Jamalilleil, aliyefariki mwaka 1935. Yeye alikuwa mzaliwa wa Ngazija aliyehamia Lamu, na kwa nasaba alikuwa juu, kwani alikuwa sharifu. Lau angalitaka kukaa katika majumba ya mawe na kuletewa kahawa na wakubwa wa mji, hakuna angalimzuia. Badala yake aliwaendea watu wa vibanda vya makuti, watumwa na watoto wa watumwa, ambao wakubwa hawakuona kuwa wanafaa kufunuliwa elimu, akawasomesha dini ile ile na vitabu vile vile. Wakubwa walichukia. Lakini hawakuweza kumwambia kuwa hana asili! Alilitumia jina lake kama mtu atumiavyo ufunguo: hakuutupa baharini, wala hakuutundika ukutani upambe nyumba, alifungulia. Na mlango alioufungua yeye ndio aliopitia mwalimu huyu jirani yangu, zaidi ya miaka hamsini baada ya kufa kwake.

Wengi hutaja usawa wa Uislamu kwa kumtaja Bilal, na hotuba ya Mtume (s.a.w.) katika Hija ya kuaga, ambamo alikana kuwa Mwarabu ana bora juu ya asiye Mwarabu, au mweupe juu ya mweusi, ila kwa ucha Mungu. Hakuna mtoto wa chuo asiyezijua habari hizo. Lakini nimeona kuwa khasa sisi wenye majina haya hupenda kuzitaja tukiwa tumekaa safu ya mbele. Tunazisoma kama kwamba ni habari za sifa zetu. Nao ulimi wetu wa kila siku unatusuta. Mtu mwenye tabia njema twasema ni mstaarabu, na asili ya neno hilo ni kuwa kama Mwarabu. Mtoto wa Kigiriama akiambiwa ajifunze ustaarabu, neno lenyewe limekwisha mwambia kuwa ya kwao si kitu. Chuoni mimi hupenda kusema adabu, nalo ni la Kiarabu vile vile, ila halimtaji Mwarabu.

Liko jambo la kiwanja. Nyumba yangu na chuo changu vimesimama juu ya ardhi yenye hati, na hati hiyo ina historia. Mwaka 1908 Serikali ya Waingereza ilitoa sheria ya hati za ardhi kwa ukanda wa pwani, ule wa maili kumi ambao walikuwa wameukodi kwa Sultani wa Unguja tangu 1895. Kila mwenye kudai ardhi alitakiwa alete madai yake mbele ya mwandishi wa hati. Isiyodaiwa ikawa ya Serikali. Mzee wetu alikuwa Mwarabu, anajua kusoma, ana jamaa waliojua njia ya afisi, akapeleka madai yake akapewa karatasi. Wagiriama na ndugu zao wa Mijikenda walikuwa na ardhi kwa desturi ya ukoo, haina karatasi wala jina la mtu mmoja, na desturi hiyo haikuhisabiwa kuwa ni miliki. Miaka sita baadaye, mwaka 1914, Wagiriama walipokataa kutoa vijana wao wa kazi na kuondolewa ng'ambo ya mto Sabaki, walipigwa vita na nyumba zao zikachomwa moto. Wazee wa mkwe wangu ni watu wa ng'ambo ile. Leo wamejenga mahali ambapo mwenye hati hawajapata kumwona, na kwa lugha ya siku hizi wanaitwa maskwota, katika nchi ambayo makaburi ya babu zao yamo.

Mwaka huu huu, mwaka wangu wa furaha, jamaa ya wanafunzi wangu wawili waliamriwa kuhama mahali walipozaliwa baba yao na babu yao. Watoto walikuja chuoni asubuhi kama kawaida na mbao zao mkononi. Mchana hawakuwa na pa kurudi. Walilala kwetu siku tisa, na usiku mmoja yule mkubwa aliniuliza, bila chuki, kama swali la hesabu, "Maalim, wewe karatasi uliipata wapi?" Nilimweleza kama nilivyowaeleza ninyi hapa, mwaka na sheria. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hivyo babu yako alifika afisini mapema." Nikamwambia, la, si mapema, alipofika alifunguliwa.

Niipite haraka habari ya jicho langu, ambalo lilikuwa na ukungu na Rajabu lilipasuliwa likapona, hata sasa naandika haya bila kusumbuka. Itoshe kuwa tulikuwa wengi mlangoni tangu alfajiri, na mlinzi aliniita mimi, "Sheikh, pita," nami wa kumi na nne. Niliwaonyesha wazee walionitangulia. Wao wenyewe wakasema pita. Mkwe wangu, aliyenisindikiza, alicheka njia nzima ya kurudi akasema, "Baba, safari ijayo nikiumwa nitakuvaa wewe."

Najua wako watakaosoma haya wakaniambia, "Maalim, umesahau na upande wetu." Sikusahau. Mimi na mwanangu wa kwanza tulipokwenda afisi moja ya serikali kwa ajili ya kitambulisho chake, tuliulizwa cheti cha babu, na cha babu wa babu, na karani akatuuliza, mbele za watu, ni lini tutarudi kwetu. Mkwe wangu alipata chake bila kuulizwa neno. Na wako wazee miongoni mwetu wanaokumbuka mwaka 1964, majahazi yalipofika Mombasa yakiwa na watu waliokimbia Unguja na nguo moja mwilini, waliouawa jamaa zao kwa ajili ya sura zao tu. Hofu ile haijatoka katika nyumba zetu. Hata mimi niliyezaliwa baadaye nimerithi kwa baba yangu desturi ya kulala na vyeti chini ya mto. Dhuluma ile ni dhuluma, na aliyeifanya atasimama nayo mbele ya Mola wake. Lakini sioni kuwa inalipa deni lingine lolote. Mlango mmoja kufungwa usoni mwangu hakumfungulii mtoto aliyehamishwa mlango wake. Tena, baadhi yetu tumeipenda hadithi ya kuonewa kwetu kwa sababu inatupa ruhusa ya kutotazama upande wa pili. Tukiwa afisini ni wanyonge, tukirudi msikitini ni mabwana, na tunahesabu saa za afisini peke yake.

Nimejiuliza basi kama furaha ya mwaka huu ni halali yangu. Nimeona ni halali. Mjukuu ni neema, jicho ni neema, paa lisilovuja juu ya watoto wanaosoma Qur'ani ni neema kubwa, na mwenye kuikunjia neema uso amekosa adabu na Mwenye kuitoa. Siwezi kuivua rangi yangu, wala jina la baba yangu silikani. Lakini shukrani si kusema Alhamdulillahi na kufunga kitabu cha hesabu. Kama neema imenifikia kupitia mlango unaonitambua mimi na kuwakataa wengine, basi kuutambua mlango ni sehemu ya kushukuru, na kuushikilia usijifunge nyuma yangu ni sehemu nyingine.

Katika Mfunguo Tatu nilikwenda kwa Kadhi na mashahidi wawili. Kipande cha kiwanja kilipo chuo nimekiweka wakfu, na katika sharti za wakfu nimeandikisha kuwa mwalimu achaguliwe kwa elimu yake na tabia yake, na kwamba nasaba isiulizwe. Kadhi aliniuliza kama nina hakika, kwani wakfu nyingi za mji wetu zimefungwa katika koo. Nikamwambia nina hakika. Jambo la pili lilikuwa la mjukuu. Mtoto wa binti harithi pakiwa na wana wa kiume, nami ninao watatu. Lakini Mwenyezi Mungu ametuachia wasia usiozidi thuluthi kwa asiye mrithi. Nimemwandikia chumba cha upande wa kisimani na mita chache za ardhi mbele yake, kwa jina lake kamili, la baba yake na babu yake, Kigiriama chote. Wanangu walikuwapo. Yule wa tatu aliuliza watu watasemaje, na ndugu yake akamjibu kuwa watu walikwisha sema mwaka juzi na pilau wakala.

Mtoto sasa anasimama kwa kushika marfaa. Rangi yake imekwisha kaa, nayo ni ya baba yake. Na ajuza yule wa masikio ndiye ambebaye kuliko wote.

Mgeni wetu wa Ghuba amearifu kuwa atakuja tena Mfunguo Sita, inshaallah, katika siku za Maulidi. Nimemwandikia kuwa mwaka huu hatanikuta Shela. Mimi na wanafunzi wangu wote tutakuwa nje ya mji, katika chuo cha jirani yangu, na Maulidi yatasomwa huko, na watoto wa huko ndio watakaofungua kwa Qur'ani, nami nitakuwa miongoni mwa wasikilizaji. Nimemchorea na njia, kwani gari haifiki mpaka mlangoni. Bado hajanijibu. Mikeka tumekwisha nunua.